Sura ya Saba: Nuru Katika Kibanja

Asafiriye kutoka Biharamulo kwenda Ngara, akiiacha nyuma misitu ya miombo ya Lusahunga na Nyakahura na kuanza kupanda vilima vinavyoelekea mipaka ya Rwanda na Burundi, huzungukwa njia nzima na rangi moja ambayo kwa wingi wake imekoma kuwastaajabisha watu, nayo ni kijani cha majani. Migomba iliyochanwa na upepo, mibuni iliyojificha chini yake, maharage yaliyojaa mavunguni, mihogo ya miteremkoni na nyasi za malisho ya ng'ombe, vyote vina rangi hiyo, na kwa rangi hiyo hupatikana riziki yote ya wilaya hizi mbili. Kwani hapana tonge liliwalo, wala maziwa yanywewayo, wala asali irinwayo, wala ukuni uwashwao, ambao asili yake si nuru ya jua iliyonaswa na jani.

Mtoto wa shule hufundishwa kwamba mmea hutwaa hewa ya ukaa na maji, na kwa msaada wa jua hutengeneza sukari. Maneno hayo ni ya kweli, lakini huanza mbali kidogo na mwanzo wenyewe. Kabla ya sukari kufanyika, na kabla ya maji kupasuliwa na oksijeni kutoka, kuna tukio la kwanza ambalo huanza na kwisha ndani ya sehemu ndogo ya sehemu ya bilioni ya sekunde, na ambalo tangu dunia iote majani hadi nyakati za babu zetu halikuwa na shahidi. Sura hii ni habari ya tukio hilo, ya mashahidi waliopatikana hatimaye, na ya faida ambayo naamini ushahidi wao waweza kumletea mkulima wa migomba.

Jani hupokea nuru kwa klorofili, na klorofili iliyomo ndani ya jani ni nyingi mno. Lakini kazi ya kuigeuza nuru iwe nguvu ya kuanzisha kemia yote ifuatayo haikukabidhiwa kila molekuli. Mwaka 1932 Robert Emerson na William Arnold, wataalamu wa Marekani, waliumulika mwani wa Chlorella kwa mimweko mifupi ya taa na kuipima oksijeni iliyotoka. Wakakuta, kinyume cha matazamio ya wakati ule, kwamba hata mmweko uwe mkali namna gani, oksijeni ipatikanayo ni molekuli moja tu kwa takriban molekuli 2,500 za klorofili. Miaka minne baadaye Hans Gaffron na Kurt Wohl walitoa maelezo ambayo kiini chake kingali kimesimama: kwamba mamia ya molekuli za klorofili hushirikiana, zote zikipokea nuru, kisha zikapitishiana nishati yake hadi ifike mahali pamoja maalumu, kituo cha mmenyuko, ambapo elektroni hung'olewa na kazi ikaanza.

Hapo lilizuka swali gumu, kwa kuwa klorofili iliyopokea nuru haiwezi kuiweka akiba. Ikiwa imeyeyushwa ndani ya spiriti, mbali na jani lake, huishikilia nishati hiyo kwa nanosekunde tano au sita, yaani sehemu tano au sita za bilioni ya sekunde, kisha huiachilia iwe mng'ao mwekundu au huipoteza iwe joto. Basi nishati iliyopokewa pembezoni, ambayo yapasa kuruka molekuli hata molekuli kabla ya kufika kituoni, imo mashindanoni na ajali yake yenyewe, na ikichelewa imepotea. Mjerumani Theodor Förster alionyesha kwa hesabu, katika miaka ya 1940, jinsi nishati iwezavyo kuruka baina ya molekuli mbili zisizogusana, na jinsi wepesi wa mruko huo upunguavyo kadiri molekuli zinavyoachana: umbali ukizidishwa mara mbili, mruko huwa wa polepole mara 64. Kwa hiyo hesabu ilikuwapo, ila jicho la kushuhudia halikuwapo.

Kitu kipitacho upesi hakionekani ila kwa mmweko ulio mfupi kuliko mpito wake. Huko Cambridge, mwaka 1949, Ronald Norrish na George Porter, ambaye wakati wa vita alitumikia jeshi la majini katika mambo ya rada, walitangaza namna ya kutumia mmweko mmoja wa taa kuanzisha mmenyuko wa kemia na mmweko wa pili kuuchungulia. Wakapata kuona mambo ya sehemu ya elfu ya sekunde, na baadaye ya sehemu ya milioni. Walitunukiwa Nobel mwaka 1967 pamoja na Manfred Eigen, na Porter akautumia umri wake uliobaki kuutafiti usanisinuru. Leza ilipoundwa na Theodore Maiman mwaka 1960, mimweko ilizidi kufupishwa mwaka hata mwaka, ikapita pikosekunde, ambayo ni sehemu ya elfu ya nanosekunde, ikaingia katika femtosekunde, ambayo ni sehemu ya elfu ya pikosekunde. Nuru yenyewe, iendayo kilomita laki tatu kwa sekunde, katika femtosekunde moja haisogei hata theluthi ya sehemu ya elfu ya milimita.

Yatupasa kusimama hapa kidogo, kwa kuwa aliyeitia kemia katika kipimo hicho alikuwa mwana wa Afrika. Ahmed Zewail alizaliwa mwaka 1946 Damanhur, katika bonde la Nile, akasoma Chuo Kikuu cha Alexandria, akaenda Marekani kwa masomo ya juu, na hatimaye akawa mwalimu katika taasisi ya Caltech huko California. Katika miaka ya 1980 yeye na wanafunzi wake walitumia mimweko ya leza ya femtosekunde kutazama fungamano la atomu likikatika, jambo ambalo vitabu vya kemia vilikuwa vikilichora kwa mshale tu, pasipo mtu aliyepata kuliona. Mwaka 1999 alipewa Nobel ya kemia peke yake, bila mshirika. Alifariki mwaka 2016. Nalitaja jina lake kwa makusudi, maana mto uliomlea una chemchemi zake za mbali katika milima ya Burundi na Rwanda, na maji ya Ruvubu na Kagera yapitayo Ngara humwagikia Ziwa Viktoria na kutoka humo kwenda Misri. Na sioni sababu ya mwanafunzi wa Ngara kudhani kwamba elimu hii ni mali ya watu wa mbali asiohusiana nao.

Hakuna saa iwezayo kuhesabu femtosekunde, na hila iliyotumika kuliepuka pingamizi hilo naihesabu miongoni mwa hila nzuri kabisa za akili ya binadamu. Mmweko mmoja wa leza hugawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hupelekwa moja kwa moja kwenye sampuli, tuseme majimaji yenye chembe za jani, ikaiamsha klorofili. Sehemu ya pili huzungushwa kwa vioo ili ichelewe. Kioo kimoja kimewekwa juu ya kigari kidogo chenye kusogezwa kwa uangalifu mkubwa, nacho kikirudishwa nyuma milimita 0.15, nuru huongezewa safari ya milimita 0.3 kwenda na kurudi, na safari hiyo huichukua pikosekunde moja. Hivyo muda hupimwa kwa urefu, na rula hufanya kazi ya saa. Mmweko wa pili ukiisha kupita katika sampuli, rangi zake hutandazwa na kukaguliwa, ipi imemezwa na ipi imesalimika. Na kwa kuwa klorofili zilizo mahali mbalimbali humeza rangi zenye tofauti ndogo ndogo, rangi zilizopungua hutangaza nishati ilikuwa wapi saa ile. Kazi hiyo hurudiwa maelfu ya mara, kigari kikisogezwa kidogo kidogo, mpaka mfululizo wa taswira upatikane ambao ukipangwa waonyesha safari yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Yaliyoonekana ni makubwa. Katika bakteria wa zambarau, ambao antena yao, yaani kundi la molekuli zipokeazo nuru na kuipitisha kituoni, ilichorwa atomu kwa atomu mwaka 1995 na Richard Cogdell na wenzake wa Glasgow, klorofili zimepangwa katika maduara mawili, moja la molekuli 9 na jingine la molekuli 18, na nishati hutoka duara la kwanza kuingia la pili kwa muda usiozidi pikosekunde moja, kisha ikaruka kwenye duara lililokizunguka kituo kwa pikosekunde chache tu. Ikifika kituoni, ambacho umbo lake liliwapatia Johann Deisenhofer, Robert Huber na Hartmut Michel Nobel ya mwaka 1988, elektroni hung'oka kwa muda wa pikosekunde kama tatu. Katika mimea tuilayo, ambayo ina mifumo miwili ya nuru, mfumo wa kwanza humaliza kazi ya kuinasa nishati kwa makumi ya pikosekunde, na wa pili, ule upasuao maji, kwa mamia machache. Msomaji na azilinganishe hesabu hizi na nanosekunde kadhaa ambazo klorofili ingeweza kuishikilia nishati bila kuipoteza: safari imekwisha zamani kabla hatari haijafika. Ndiyo maana katika mfumo wa kwanza fotoni, yaani chembe za nuru, karibu zote zilizonaswa hutenda kazi, na katika mfumo wa pili wa jani lenye afya, lililopumzika gizani, hutenda kazi takriban 83 kwa kila 100.

Palitokea pia mzozo ambao haufai kufichwa. Mwaka 2007 kundi la Graham Fleming huko Berkeley, ambamo alikuwamo Gregory Engel, liliichunguza protini ya bakteria wa kijani ambayo umbo lake lilijulikana tangu mwaka 1975, ikiwa imegandishwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, na katika taswira zao wakaona mapigo yaliyodumu kwa zaidi ya femtosekunde 600. Wakaona yamkini nishati hairuki kama walivyodhani wazee wetu, ila husambaa kama wimbi, ikizijaribu njia zote kwa pamoja. Habari hiyo ilienea duniani kwa kishindo, na wengi wakaikubali kwa kuwa ilipendeza. Lakini vipimo vilivyorudiwa katika joto la kawaida, na kuchapishwa mwaka 2017, vilionyesha kwamba wimbi la namna hiyo hufa kwa muda wa femtosekunde 60 hivi, na mapitio marefu ya mwaka 2020 yakahitimisha kwamba mapigo yaliyoonekana aghalabu yalikuwa mitikisiko ya molekuli zenyewe. Wenye kukasirikia mageuzi hayo, wakisema wanasayansi hawana msimamo, hawawatendei insafu. Watu waliokuwa na chombo cha kuona, na wakakubali kusahihishwa na chombo hicho hicho, wamestahili kuaminiwa zaidi.

Sasa, ikiwa mlangoni mwa jani hasara ni ndogo namna hii, mbona shamba zima hutoa kidogo? Kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 na Xin-Guang Zhu, Stephen Long na Donald Ort, mimea ya jamii ya maharage, muhogo na migomba haiwezi kugeuza kuwa mwili wake zaidi ya sehemu 4.6 katika kila 100 za nishati ya jua, na mahindi na mtama sehemu 6. Na shambani hata kiasi hicho hakifikiwi. Nusu ya nuru ya jua ni ya rangi ambazo klorofili haiwezi kuzitumia, na sehemu iliyobaki hupungukia njiani, katika hatua zinazofuata, ambazo ni za polepole kupita kiasi zikilinganishwa na ile ya kwanza. Kimeng'enya cha Rubisko, kinachoshika hewa ya ukaa, hufanya mmenyuko mara chache tu kwa sekunde. Nishati hufika kwa pikosekunde, ilhali mfanyakazi anayeingojea huhesabu kwa sekunde.

Ngara na Biharamulo ziko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, na jua huwa la utosi kamili katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Saa sita ya mchana, wingu likiisha kuondoka, jani la juu la mgomba hupokea nuru nyingi kuliko iwezavyo kutumika. Vituo vya mmenyuko hujaa na kufungika. Nishati ikakaa ndani ya klorofili muda mrefu kuliko ipasavyo. Na klorofili iliyokaa hivyo yaweza kuichokoza oksijeni iliyo jirani iwe ya hatari, yenye kuunguza protini na mafuta ya jani. Hapo jani hufanya jambo ambalo mtu aliyeyaona maporomoko ya Rusumo, ambapo Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kituo cha umeme cha megawati 80, atalielewa bila taabu: kama vile maji yaliyozidi haja ya mitambo yanavyopitishwa pembeni, ndivyo jani linavyofungua njia ya pembeni ya kuimwaga nishati iliyozidi iwe joto. Ufunguo wa njia hiyo ni protini iitwayo PsbS pamoja na zeazanthini, rangi ya njano ambayo jani huitengeneza jua likiwa kali na huigeuza tena kivuli kikirudi.

Na hili nalo lilithibitishwa kwa vyombo vya mimweko. Klorofili inayomwaga nishati hung'aa kwa muda mfupi zaidi, na mtu akipiga taswira za muda huo wa mng'ao jani lingali hai, moja baada ya nyingine, huiona njia ya pembeni ikifunguka na kufungika mbele ya macho yake. Kazi ya namna hiyo iliyofanywa Berkeley na Fleming pamoja na Krishna Niyogi, na kuchapishwa mwaka 2014, ilitenganisha mchango wa PsbS na ule wa zeazanthini. Wataalamu wangali wakibishana ni molekuli ipi hasa ipokeayo nishati inayomwagwa. Lakini kwa mkulima jambo lenye uzito ni jingine, nalo ni kwamba njia hiyo hufunguka upesi na hufungika kwa uvivu. Kivuli kikija, jani huendelea kuimwaga nuru, ambayo sasa inaihitaji, kwa dakika kadhaa, pengine kwa nusu saa.

Msomaji aliyekwisha kuketi ndani ya kibanja cha migomba atakuwa ameuona ulimwengu ambamo jambo hili lina maana kuu. Chini ya migomba nuru haitulii. Upepo ukitikisa majani, vipande vya jua huruka juu ya maharage na mibuni, hukaa sekunde chache, hupotea, hurudi. Na kila kipande kikali hulilazimisha jani la chini kuifungua njia ya pembeni, na kila kivuli kirudipo hulikuta bado limeiacha wazi. Katika shamba la zao moja lililo uwandani, hasara hiyo huyapata zaidi majani ya chini. Katika kibanja, ambamo mazao matatu au manne huishi ghorofa juu ya ghorofa, huipata mimea mizima tangu kuota hadi kuvunwa. Kwa hiyo nasema kwamba kibanja cha mkoa wa Kagera ni mahali pazuri pa kuichunguza elimu hii kupita mashamba mengi ambamo imechunguzwa hadi leo.

Majaribio yaliyofanywa yana bishara njema na tahadhari pia. Mwaka 2016 Johannes Kromdijk, Long, Niyogi na wenzao walitangaza kwamba tumbaku iliyoongezewa jeni tatu za kuharakisha kufungika kwa njia ya pembeni ilikua shambani, huko Illinois, ikiwa nzito zaidi kwa sehemu 14 hadi 20 katika 100. Mwaka 2022 ikaja habari ya soya, ambayo katika msimu mmoja mavuno yake yalizidi kwa hadi sehemu 33 katika 100. Lakini mmea mdogo wa Arabidopsis, ulipotiwa jeni hizo hizo huko Ujerumani, haukunufaika. Na uchunguzi wa aina za muhogo wa Kiafrika, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba katika nuru inayobadilika-badilika, kizuizi kikubwa cha muhogo ni matundu ya jani yanayochelewa kufunguka. Kila mmea una kisa chake. Asiulize mtu dawa ya maharage kwa kuisoma habari ya tumbaku; maharage yenyewe ndiyo yaulizwe, na yaulizwe mahali yanapoota.

Wala vifaa vya kuyauliza havipo ng'ambo tu. Chuo Kikuu cha Pretoria, huko Afrika ya Kusini, kina maabara ambamo Tjaart Krüger na wanafunzi wake huzipima kwa leza protini za antena za mimea, wakizitazama hata moja moja. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, karibu na Bukoba, kimejishughulisha na migomba kwa miaka mingi. Baina ya Pretoria ipimayo pikosekunde na Maruku iijuayo migomba kuna pengo, na vipo vipima-mng'ao vya mkononi viwezavyo kuchukuliwa hadi shambani, vyenye kuonyesha ndani ya dakika chache njia ya pembeni ya jani iko wazi kiasi gani. Nawaomba wenye mamlaka ya utafiti nchini wavilete vifaa hivyo katika vibanja vya Ngara na Biharamulo, wavikabidhi kwa vijana wa wilaya hizo waliosoma sayansi, na wawaruhusu wayapime maharage ya mama zao.

Mwalimu wa sekondari naye asingoje. Na atwae majani mabichi, ayaponde, ayaloweke ndani ya spiriti mbali na moto, ayachuje, kisha ayamulike maji hayo ya kijani, chumba kikiwa na giza, kwa tochi ya zambarau ile watumiayo wenye maduka kukagulia noti. Wanafunzi watayaona yakiwaka wekundu wa damu, mng'ao ambao David Brewster wa Scotland aliueleza katika miaka ya 1830. Wakimuuliza mbona jani zima haliwaki hivyo, awaambie ukweli: kwamba katika jani hai ni kama fotoni moja au mbili tu kwa kila mia zinazopata kung'aa, kwa sababu nyingine nyingi zimekwisha kuchukuliwa kazini kabla ya nanosekunde moja kutimia.